Picha ya Wakwe

Picha ilirudi Jumatatu asubuhi, ndani ya bahasha ileile iliyokwenda nayo. Aliyeileta ni mchumba wa binti, kijana fundi umeme, na hakuingia ndani kama alivyozoea. Alisimama kizingitini, akaiweka bahasha juu ya meza ya cherehani, akasema shangazi yake ametoa shukrani, lakini picha ile hawezi kukaa nayo nyumba moja.

Mama wa binti alilisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alikuwa mshonaji wa nguo za kike, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe. Akamuuliza kijana kama shangazi anaumwa. Haumwi. Akamuuliza kama picha imechanika. Haijachanika.

"Basi ana nini?"

Kijana alijikuna shingo. "Mama, mimi nimetumwa tu. Amesema hivi: kama mlitaka kumwambia kuwa amekuwa gunia, mngemwambia siku ile ameketi hapa anakunywa chai yenu. Si kumpiga picha mkamtangaza kwa ukoo mzima."

Kisha akasema lililobaki, akilitazama zulia. Jumamosi shangazi hatakuja. Na Jumamosi ndiyo siku ambayo pande zote mbili zilikuwa zikae na kupanga siku ya harusi. Kijana hakuwa na baba wala mama; shangazi alimchukua akiwa na miaka minne, akamwogesha, akamlisha, akamsomesha. Kijana alisema anampenda binti yao, Mungu anajua, lakini hawezi kuketi mbele za watu kama bwana harusi huku aliyemlea yuko nyumbani amejifungia. Akaaga, akaenda kazini.

Binti alikuwa chumbani akipiga pasi koti lake jeupe la duka la dawa. Aliyasikia yote. Alitoka, akaitoa picha kwenye bahasha, akaitazama, akaziba mdomo kwa mkono. Mama yake hakujua kama analia au anacheka, na ukweli ni kwamba hata yeye binti hakujua.

"Mama," akasema hatimaye, "hii mliiona kabla hamjaituma?"

Picha yenyewe ilikuwa kubwa, upana wake umezidi kidogo mkono tangu kiwiko hadi ncha za vidole. Ilipigwa sebuleni mwao, Jumapili mbili zilizopita, wakwe walipokuja kujuana. Sebule ile ni nyembamba kama korido, na watu walikuwa kumi na mmoja. Baba wa nyumba, ambaye kazi yake ni kupiga picha, alikuwa amenunua lenzi mpya, pana, ile inayoingiza chumba kizima hata ukiwa umebanwa. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati la vyombo, akapiga. Wote wakaingia, kuanzia ukuta huu hadi ukuta ule.

Katikati walikaa wachumba wawili, wadogo, nadhifu, kama wamechorwa. Mwisho wa kushoto alikaa Bibi, mama yake mpiga picha. Mwisho wa kulia, kwenye kiti cha mto, alikaa shangazi. Kiti kile ndicho pekee cha maana ndani ya nyumba, na ni kizito. Kukileta katikati kungehitaji kuitoa meza nje. Fundi ndiye aliyesema mgeni wa heshima hawezi kukalishwa kwenye kiti cha mbao. Basi kwa heshima hiyohiyo wakamketisha ukutani, pembeni kabisa.

Na pembeni kule ndiko alikoharibika. Uso wake ulikuwa umevutika kuelekea kona ya picha kama boga lililolazwa. Bega moja lilikuwa mabega mawili. Mkono uliokuwa juu ya paja ulikuwa mnene kama mto wa kulalia. Mkanda wa gauni, ambao Fundi aliushona kwa mkono wake, ulionekana kama kamba iliyofunga mzigo.

Ingekuwa mtu mwingine, labda angecheka, yakaisha. Lakini shangazi huyu alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa kujiheshimu, na mwaka mzima alikuwa akitembea kila alfajiri kwa amri ya daktari, kwa sababu ya shinikizo la damu. Alipungua kweli. Fundi alilipunguza gauni lile mara mbili kabla ya siku ya wakwe, na mara ya pili shangazi aliomba kioo, akajigeuza mbele na nyuma, akasema taratibu, "Mungu ni mwema." Sasa picha, iliyotumwa pia kwa simu, imezagaa kwa ndugu wote. Mpwa mmoja alikuwa ameandika, watu wote wasome: Shangazi, kumbe yale matembezi yalikuwa ya kwenda kula?

*

Mpiga picha alirudi adhuhuri kula. Mtaani walimwita Tulia, kwa kuwa hakuna mtu aliyepata kupigwa picha naye asiambiwe neno hilo mara tatu. Aliposikia habari alicheka kwanza. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaiomba picha, akaitazama kwa mkono ulionyooka.

"Mbona ni picha nzuri? Kuta zote mbili zimeingia."

"Hatuozeshi kuta," Fundi alisema.

Tulia alijitetea mpaka chakula kikapoa. Alisema amefanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Alisema lenzi ile ni mpya, haina hata mkwaruzo. Alisema kamera haina chuki na mtu, haina shangazi wala mjomba. Fundi alimwacha aongee. Alikuwa amejifunza zamani kwamba mume wake ni kama sufuria ya maziwa: ukiifunika inafurika, ukiiacha wazi inashuka yenyewe. Alipotulia akamwambia jambo moja tu, kwamba leo ni Jumatatu, na Jumamosi iko mlangoni.

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake karibu na dirisha. Aliomba na yeye aone. Jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho na halikumfaa kitu. Kwa hilo lililobaki alizoea kuleta kila kitu karibu na uso, barua, sindano, hata sura za wajukuu. Akaishika picha shibiri moja kutoka puani, akaikazia jicho.

"Mnamsingizia bure," akasema. "Mama wa watu yuko vilevile, na mkanda wake kiunoni."

Walicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Binti akamwambia, bibi, hata wewe mwenyewe umevimba upande wa pili, hujioni? Bibi akajibu kwamba anajiona vizuri, ni mwembamba kama alivyoumbwa, na kama wao wana macho mawili mawili na hawaoni, basi wamshukuru Mungu kwa hasara. Akairudisha picha na kugeukia dirisha, amenuna.

*

Jioni ile Tulia alikwenda mwenyewe kuomba radhi. Alioga, akavaa koti, akanyoosha kola. Njiani aliyapanga maneno yake vizuri, na kama angeyasema hayo tu akanyamaza, pengine mambo yangeishia hapo.

Shangazi alimpokea. Alimpa kigoda cha jikoni akalie, na viti vizima vilikuwepo pale sebuleni, vimefunikwa vitambaa. Akampa maji kwa mkono, bila sinia. Tulia aliyaona yote hayo, akayameza pamoja na maji. Akaomba radhi mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa unyenyekevu, hata uso wa mama yule ukaanza kulegea.

"Kwa hiyo unakubali kwamba picha imekosea," shangazi akasema.

Ingetosha kusema ndiyo. Lakini ule ufundi wa miaka ishirini na miwili ulisimama ndani ya kifua chake kama askari.

"Hapana, mama. Picha haijakosea. Kamera haisemi uongo, inaandika inachokiona."

Nje mtu alikuwa anapigapiga zulia.

"Basi ni mimi," shangazi akasema. Akainuka, akaufungua mlango, akaushika wazi mpaka Tulia alipoelewa. Glasi ilikuwa nusu.

Uani, jirani aliyekuwa anaanika nguo alimsalimia vizuri sana, akamuuliza kama amekuja kumpiga mama picha nyingine, maana ile ya kwanza haikutosha ukutani. Tulia alitembea hadi nyumbani kwa miguu.

Fundi alipoambiwa, aliitua pasi. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu kama alikwenda kule kumtetea binti yake au kuitetea kamera. Tulia alivua koti, akalitundika.

*

Siku ya Jumanne Tulia alijaribu njia ya mashine. Alikwenda duka la kuchapisha, kwa dada mmoja anayejua kunyoosha picha kwenye kompyuta. Dada aliona mara moja kwamba kuta zimepinda. Mlango ulikuwa umetuna kama tumbo la mtungi, na mstari wa dari ulikuwa umekunja mgongo. Akabonyeza, akavuta. Kuta zikanyooka kama zimepigwa timazi. Tulia akafurahi, akasogeza uso.

Shangazi alikuwa ameongezeka.

Dada alieleza kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha. Ndivyo ilivyo, bwana. Ukinyoosha ukuta, watu wa pembeni wanavutika zaidi. Unachagua, mlango unyooke au mtu apone. Akamuuliza kama achapishe. Tulia akamwomba aifute, tafadhali, na asimwonyeshe mtu.

Alirudi nyumbani akaketi kwenye kile kiti cha mto chenyewe. "Nimekwenda kumpunguza," akamwambia mkewe, "nimemzidisha."

Binti alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha ghafla, akakumbuka kwamba harusi ni yake.

*

Jumatano mchana Fundi hakuwa na kazi nyingi. Aliibandika picha ubaoni kwa pini, kama anavyobandika kitambaa kabla ya kukikata, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kama kitambaa. Watu hakuwatazama kabisa. Alitazama pazia.

Pazia lile alilishona mwenyewe. Linafunika ukuta wote wa nyuma, na lina maua ya duara, saizi moja, mistari kwa mistari. Alichukua utepe wa kupimia shingoni. Akalipima ua la katikati, nyuma ya wachumba. Akalipima la pembeni, nyuma ya shangazi. Akamwita mumewe.

"Unaona," Tulia akasema kwa haraka, "maua ni duara yote. Lenzi haina kosa."

"Subiri. La pembeni ni dogo zaidi kidogo."

"Basi hata limepungua."

"Ndiyo ninachosema. Ua lililo nyuma yake limepungua, yeye aliye mbele ya ua ameongezeka. Kitambaa na mtu vimekwenda njia mbili. Hapo kuna jambo."

Akatafuta kitu kingine. Ukutani, juu ya pazia, kulikuwa na taa mbili zenye vifuniko vya kioo, mviringo kama mipira, walizozinunua pamoja siku moja duka moja. Ya katikati ilikuwa mpira. Ya pembeni, juu ya kichwa cha shangazi, ilikuwa yai. Fundi akainua macho akaziangalia taa zenyewe ukutani. Mipira miwili, pacha.

"Kilicho bapa kimebaki," akasema polepole. "Kilicho mviringo kimevutika."

Kuhusu hilo, Fundi alikuwa na ujuzi kuliko mumewe. Maisha yake yote yamekwenda katika shida hiyo moja: kitambaa ni bapa, mtu ni mviringo. Kitambaa hukilaza mezani kikatulia. Mwili hauwezi kuulaza mezani bila mahali fulani kuvutika. Wateja hulaumu mshono, lakini mshono hauna kosa. Picha nayo ni karatasi. Imechukua vichwa mviringo vya watu ikavilaza.

Wakaichukua picha, wakaenda studio, nyumba ya pili, wakafunga mlango na dirisha ili pawe giza. Tulia akawasha balbu tupu. Fundi akashika bonge la uzi katikati ya balbu na ukuta, kivuli kikaanguka mbele, duara safi. Akalisogeza bonge pembeni, mbali na katikati, akilishika umbali uleule kutoka ukutani. Kivuli kikarefuka. Akalisogeza tena. Kikawa yai, kikawa boga, kimekimbilia kona. Bonge mkononi mwake halikubadilika hata uzi mmoja. Kisha akakata duara la karatasi, akalishika bapa, uso kwa uso na ukuta. Kivuli cha karatasi kikabaki duara popote alipolipeleka.

Tulia alikalia sanduku la vifaa vyake. Alilichukua bonge kwake, akajaribu mwenyewe, mara nyingi, kama mtoto. Lenzi yake ya zamani, nyembamba, ilikuwa haifiki huko pembeni mbali. Ilichukua sehemu ya katikati tu, ambako mambo hayajaanza kurefuka, na ndiyo maana miaka ishirini na miwili hakuliona. Hii mpya inakwenda hadi kwenye kona. Na yeye, badala ya kurudi nyuma na kuwapanga watu mbali na kingo, alifurahia kubanwa kwenye kabati na kumkalisha mgeni wa heshima mahali pabaya kuliko pote.

"Lakini mama yako aliona sawa," Fundi akasema ghafla.

"Mama haoni."

"Mama anaona kwa jicho moja, na anaona kwa karibu."

Akairudia picha. Akaisimamisha mezani, akainama mbele ya katikati yake, akafumba jicho la kushoto, akasogea mpaka shibiri moja na vidole viwili. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akamwita mumewe kwa jina lake halisi, ambalo hulitumia siku za misiba tu.

Tulia akainama alipoinama yeye. Alipofumba jicho na kusogea, shangazi, bila kuguswa na mtu, alijikusanya. Bega likarudi moja. Boga likawa uso. Mkanda ukakaa kiunoni. Aliporudi nyuma, akavimba tena. Akasogea, akapungua.

Alifikiri kidogo, kisha akaelewa, na alipoelewa alijisikia mdogo. Kamera ilikuwa mahali pamoja tu, karibu sana na watu, ikiwatazama kwa jicho lake moja. Ukiiweka picha karibu kiasi hichohicho, na wewe ukatumia jicho moja, unasimama pale kamera iliposimama, na kila kilichovutika kinarudi. Ukiishika mbali, kama watu wote wanavyoshika picha, unatazama kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Walirudi nyumbani na jambo la kwanza Fundi alimwomba Bibi msamaha. Bibi alisema amewasamehe tangu Jumatatu, ila wamechelewa.

*

Alhamisi walikwenda watatu. Bibi alitangulia mbele kwa makusudi, kwa sababu mlango unaoweza kufungiwa mpiga picha hauwezi kufungiwa mwanamke wa umri ule. Shangazi alimpokea kwa mikono miwili, akamwondolea kiti kitambaa. Tulia alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda bila kuonyeshwa.

Fundi hakueleza kitu. Aliomba ruhusa ampime. Shangazi alimtazama kwa mashaka, lakini akasimama, akainua mikono. Utepe ukapita kiunoni.

"Inchi thelathini na tatu," Fundi akasema, wote wasikie. "Ndiyo niliyoikata. Hujaongeza hata nusu."

"Mimi hilo nalijua," shangazi akasema. "Waambie wenye simu."

Bibi ndiye aliyechukua picha. Aliiegemeza juu ya meza, kwenye jagi la maji, akamwambia shangazi avae miwani, apige magoti kwenye zulia, afumbe jicho moja, asogee mpaka pua iogope. Shangazi alimuuliza kama anachezewa. Bibi akamwambia katika umri wangu, mwanangu, sina muda wa kuchezea watu. Basi mkunga mstaafu, mwanamke wa kujiheshimu, akapiga magoti mbele ya jagi lake mwenyewe, akafumba jicho.

Akasogea. Akarudi nyuma. Akasogea tena. Waliokuwa nyuma yake waliona mgongo wake tu na kisigino kimoja kikitoka kwenye kandambili.

"Hapa nanenepa," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa napungua." Akarudia. "Hapa napungua."

Tulia akataka kuanza kueleza habari ya bonge la uzi na balbu. Fundi akamkanyaga mguu.

Shangazi alijiinua kwa kushika meza. Alivua miwani, akaifuta kwa kanga ya bega, akaivaa tena, na safari hii alimtazama Tulia moja kwa moja. Kumbe hasira yake haikuwa pale walipodhani.

"Kabla hujaituma, uliitazama?"

"Niliitazama, mama."

"Ukaniona?"

Hapo palikuwa na majibu mengi mazuri, na Tulia aliyajua yote. Aliliacha la kwanza likapita, na la pili.

"Sikukuona," akasema. "Nilitazama kuta. Nilifurahi kwamba zote mbili zimeingia. Watu sikuwatazama, mama, hata binti yangu sikumtazama."

Shangazi alikaa. "Nimezalisha wanawake miaka thelathini na moja," akasema. "Mtoto akitoka, kitu cha kwanza unamtazama mtoto. Godoro unalitazama baadaye."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani ulinitazama ukaona ndivyo nilivyo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Lenzi mimi sina ugomvi nayo."

Bibi akasema hata yeye alikuwa pembeni, ukingo wa pili, na picha imemvimbisha vilevile, ila yeye alikataa kuvimba. Shangazi alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka kwa kifua chote, mkono juu ya mkanda.

*

Lakini kucheka si kukubali, na Jumamosi ilikuwa bado haijatajwa. Shangazi alisema kwanza anataka kupigwa upya, sasa hivi, kabla jua halijahama mlangoni, na picha hiyo iende kwenye simu zilezile zilizopokea ile ya kwanza. Tulia alikuwa amekuja na lenzi yake ya zamani mfukoni. Aliibadili. Shangazi akasimama mlangoni, Bibi kando yake, wote wawili katikati kabisa.

Sasa, lenzi nyembamba inataka nafasi. Tulia alirudi nyuma uani. Haikutosha. Akapita kati ya nguo zilizoanikwa, akafika lango, akatoka nje.

"Mkwe, mbona unaondoka?" shangazi akauliza.

"Nakuja, mama. Ndivyo ninavyokuja."

Alivuka barabara kinyumenyume. Muuza mayai mmoja, mwenye trei zimepangwa juu ya baiskeli, alilazimika kusimama asikate picha, akamuuliza anafanya nini. Tulia akamwambia anafanya kazi. Alisimama kwenye ukuta wa upande wa pili, akatazama kwenye kamera, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi aliangalia uso wa mtu kabla ya kitu kingine chochote. Ulikuwa uso mzuri, mkavu kidogo, unaojua mambo.

Shangazi alikuwa anasema jambo, lakini lori lilipita.

"Anasemaje?" Tulia akauliza.

"Anasema Jumamosi saa ngapi," muuza mayai akasema, kwa kuwa yeye alikuwa karibu zaidi na lango.

Tulia akaishusha kamera. Akamwambia muuza mayai amwambie saa nne. Muuza mayai akageuka, akaweka kiganja mdomoni, akapaza sauti kwamba ni saa nne.

Jibu likarudi. "Anasema saa nne hawezi, akitoka matembezini anapumzika. Saa tano."

"Mwambie saa tano."

"Anasema kiti cha mto mkiondoe sebuleni. Atakaa cha mbao, katikati."

"Mwambie kimeshaondoka."

"Anasema piga sasa, amechoka kusimama."

Tulia akapiga. Akapiga ya pili, kwa usalama, kisha akavuka mbio kurudi ndani, kamera imembana kifuani, hata hakumshukuru mtu. Muuza mayai alibaki anakagua trei zake kama zimetikisika, huku jirani wa uani akimsimulia habari yote kutoka langoni.

Wakati huo kijana fundi umeme alitokea kwenye kona. Alikuwa amemaliza kazi mapema, na alikuwa anakuja, kama alivyokuja kila siku tangu Jumatatu, kumsihi shangazi yake. Alikuwa ameyaandaa maneno njia nzima. Alipoona lango liko wazi na kusikia vicheko vya wanawake ndani, akasimama karibu na baiskeli, akauliza kuna nini hapa.

"Kuna kijana anaoa," muuza mayai akasema, akiikaza kamba. "Jumamosi, saa tano, wanapanga siku. Shangazi mtu alikuwa amegoma, sasa amekubali, nimemsikia kwa masikio yangu."

Kijana alichungulia langoni.

"Kijana gani?" akauliza.

"Simjui," muuza mayai akasema, akapanda baiskeli yake. "Lakini ukikutana naye, mpe hongera."